Kabla hujafunga sensa ya gesi jikoni

Simu ninayopokea mara nyingi ni hii: "Fundi, kidude chako kinalia bila sababu." Nikifika, sababu ipo. Mama kafukiza udi, au kijana kajipulizia manukato ukumbini.

Ndani ya kile kikopo cha sensa chenye wavu kuna oksidi ya bati, chembe ndogo mno (za kisasa ni za nano, yaani hazionekani kwa macho), iliyopakwa karibu na hita. Ikishapata moto, oksijeni ya hewani inaganda juu ya chembe na kuzinyang'anya elektroni, ukinzani (ugumu wa umeme kupita) unapanda. Gesi ikija inaungana na oksijeni ile, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka, king'ora kinalia. Mjapani Naoyoshi Taguchi aliombea hataza ya sensa hizi mwaka 1962. Tatizo ni kwamba pombe, moshi na manukato navyo vinafanya kazi ileile juu ya chembe. Sensa haichagui.

Mvuke wa maji nao umo. Vipimo vya karatasi ya maelezo ya MQ-2, sensa ile inayouzwa sana Kariakoo, vilichukuliwa kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65. Jiko gani la Dar liko hivyo wakati wa masika? Kwa hiyo namba ulizookota mtandaoni achana nazo. Iache sensa iwake zaidi ya saa 24 jikoni kwako, ndipo ushike bisibisi na kile kiskrubu cha kwenye kiboksi cha bluu, kinachopanga sensa ilie kwa gesi kiasi gani. Zungusha taratibu hadi taa ndogo izime, halafu kaanga vitunguu kama kawaida yako. Taa ikiwaka, zungusha tena kidogo upande uleule, usizidishe.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni. Funga chini, shibiri moja na nusu hivi kutoka sakafuni, si juu ya jiko kama wengi wanavyopenda kwa sababu panapendeza. Ila kama nyumba yako imeunganishwa na bomba la gesi asilia, geuza: hiyo ni nyepesi, sensa ikae karibu na dari.

Kwa wanaojiundia wenyewe: hita inakula kama miliampia 150, usiutoe umeme wake kwenye pini ya ishara ya Arduino (ile bodi ndogo ya kompyuta ya kujiundia). Na siku fundi wa sinki anakuja kupaka silikoni, ing'oe sensa uiweke chumba kingine mpaka ikauke kabisa. Mvuke wake unaziba chembe, na sensa hiyo haiponi.