Tairi la ukubwa gani kwa Land Rover 88 iliyonyanyuliwa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1974, ile fupi ya 88 (inchi 88 kati ya ekseli), injini ya petroli 2.25. Ilikuwa ya marehemu baba. Nimeinyanyua springi inchi 2, nimekata madigadi za mbele kidogo na kufunga bampa ya chuma. Bado iko kwenye matairi ya 6.00-16 aliyoyafunga mzee, na sasa ni vipara vitupu. Naishi Kapchorwa. Karibu kila mwezi nateremka Karamoja, Amudat hadi Moroto, mara nyingi na mzigo wa viazi. Rafiki zangu wananisukuma nifunge 285/75R16, yaani inchi 33, kwa kuwa nafasi sasa ipo. Mwingine anasema 31x10.5 kwenye rimu za 15. Nisaidie kabla sijatoa pesa.

JIBU: Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huja hapa gereji Mbale wakati matairi yameshafungwa, na mimi nabaki kuwa mtoa habari mbaya.

Nafasi chini ya madigadi ipo, sikatai. Lakini gari hilo lina mambo matatu ya kuulizwa kabla ya nafasi: injini italizungusha tairi hilo vipi, shafti zinazozungusha magurudumu zitavumilia, na breki zitalisimamisha? Tufanye hesabu kwanza, maana ni fupi.

Kwenye 285/75R16, 285 ni upana wa tairi kwa milimita. 75 ni asilimia ya upana huo, na ndiyo urefu wa ubavu. 16 ni rimu kwa inchi. Ubavu basi ni 285 mara 0.75, kama 214. Ziko mbavu mbili, juu na chini, 428. Ongeza rimu, inchi 16 ni milimita 406, unapata kipenyo cha 834. Fanya vivyo hivyo kwa 235/85R16 utapata 806. Lile la kizamani la 7.50-16 (7.50 ni upana kwa inchi) nalo ni hapo hapo kwenye 805. Hizo 6.00-16 za mzee ni karibu 730.

Sasa angalia difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, maana ndiyo inayogonga jiwe. Springi ulizonyanyua zimeinua bodi na chesi. Difu imebaki pale pale alipoiacha mzee. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, na kinainua kwa nusu ya tofauti ya kipenyo. Ukitoka 730 kwenda 806, difu inapanda milimita 38, na hiyo utaiona kwa macho. Ukienda hadi 834 inapanda 52. Kwa hiyo hizo inchi 33 zinakuongezea milimita 14 juu ya 235/85. Weka kidole gumba chako kando ya rula uone ni kitu gani unachotaka kukinunua kwa bei hiyo.

Na bei siyo ya dukani tu. Difu za Series zina uwiano wa 4.7, yaani shafti inayotoka kwenye gia huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Tairi likikua, ni kama umebadilisha difu bila kufungua nati hata moja: kwa 806 gari linajiona lina 4.26, kwa 834 lina 4.11. Injini yako ilipokuwa mpya ilitoa farasi 70 hivi ikiwa chini usawa wa bahari. Injini ya kabureta hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Kapchorwa iko kwenye mita 1,800 au zaidi. Ukitoa miaka 50 ya kazi, hapo kwako una farasi wasiofika 60, na viazi nyuma. Kwa inchi 33 utakuwa mtu wa gia ya pili kila mlima, na gia ya nne utaikumbuka kama jina la jamaa aliyehama.

Kupanda kunaudhi tu. Kinachonitia hofu mimi ni kuteremka. Tairi kubwa linaloipunguzia injini nguvu ya kuvuta gari juu linaipunguzia vilevile nguvu ya kulizuia likiteremka, kwa kiwango kile kile. Ile miteremko ya kutoka Kapchorwa kwenda tambarare, mzee wako aliishuka kwa gia, mguu ukigusa breki kidogo tu. Wewe ukiwa na matairi makubwa na mazito utaishuka kwa breki, na breki za 88 ni za ngoma, inchi 10. Ngoma zikipata moto unakanyaga pedali na gari linakuangalia tu.

Halafu kuna shafti za nyuma. Za 88 ya mwaka wako zina meno 10 na sifa yake haijawahi kuwa nzuri hata kwa matairi madogo. Miaka ya nyuma mteja aliniletea 88 kama yako, akataka 33, nikamfungia bila kumbishia. Nilikuwa kijana na nilihitaji kazi. Wiki ya tatu alikwama kwenye mtaro uliojaa tope, akaweka gia ya kwanza na kuachia klachi ghafla. Kulisikika mlio mmoja, kama mtu amevunja muwa kwenye goti. Tulipotoa shafti, ilikuwa imejisokota karibu na mwisho wa meno kabla ya kukatika, chuma kimepinda kama kamba. Tope lilikuwa limeshika tairi, tairi kubwa likawa mtaimbo mrefu zaidi, na kiungo dhaifu kikajitokeza. Nililipa shafti hiyo kutoka mfukoni mwangu.

Kwa hiyo wapi pa kusimama? Kiwanda chenyewe kilishalijibu swali hilo. Land Rover ndefu ya 109 ilitoka na injini hiyo hiyo ya 2.25 na uwiano ule ule wa difu wa 4.7, lakini kwenye matairi ya 7.50-16. Ilipewa pia breki kubwa zaidi, za inchi 11. Huo ndio mpaka ninaouheshimu. Kipenyo cha 805 hivi, basi. Na ukishafika huko, fikiria kuhamisha breki za 109 ukipata ekseli au seti nzima kutoka gari lililokufa. Ningetoa pesa hapo kabla ya kununua winchi.

Kuna atakayekuambia ubaki na kipenyo hicho lakini uchukue pana, 265/75R16, maana nayo inatoka 804. Kwa njia zako mimi sichukui. Murramu ikinyesha, juu panakuwa na utelezi kama sabuni, chini kuna ardhi ngumu. Tairi jembamba linakata ule utelezi na kushika chini. Pana linaelea juu yake na kukupeleka mtaroni taratibu huku umekaa vizuri kabisa. Pana lina faida kwenye mchanga mkavu wa mito ya Karamoja, ila hata huko kupunguza upepo kunasaidia zaidi, kwa sababu tairi lililopunguzwa upepo linarefuka pale linapokanyaga. Jingine ni stelingi: yako haina msaada wowote isipokuwa mabega yako. Jaribu kugeuza 265 sokoni Kapchorwa siku ya gulio.

Na ule udongo mweusi wa Karamoja, uliolowa sawasawa, usidanganyike na tairi la mtu yeyote. Unajaza meno yote hadi tairi linakuwa duara la udongo. Meno makubwa yenye nafasi pana yanajisafisha kidogo, lakini mimi huko huzima gari, natafuta chai, nasubiri jua. Saa 3 za jua zinafanya kazi ambayo matairi ya milioni nyingi hayafanyi.

Rimu sasa, na hapa fungua macho. Rimu za 88 zina upana wa inchi 5. Usibane 7.50 humo, utafute rimu za 109, inchi 5.5, ambazo pia zinaliweka tairi mbali kidogo na springi. 235/85R16 inataka rimu ya inchi 6 hadi 7, kwa hiyo hata hiyo ya 109 haiitoshi. Yenyewe ivalishe rimu za chuma za Defender zenye inchi 6.5. Mashimo ya stadi, yaani bolti za gurudumu, ni yale yale: matano, kwenye duara la milimita 165.1. Ukiambiwa "hizi ni za Discovery, zinaingia", uliza ya lini. Discovery ya kwanza ina duara hilo. Ile ya pili, iliyotoka 1998, ina 120, haiingii hata kwa dua. Hali kadhalika hizo rimu za 15 za rafiki yako: nyingi zinazozunguka kwa wauza spea wa Kisekka na Ndeeba, Kampala, ni za Suzuki ndogo au Toyota za zamani, duara la 139.7. Za Suzuki zina mashimo matano kama zako, na jicho linaweza kukudanganya ukiwa umesimama dukani na haraka zako. Nenda na rula, au nenda na rimu yako moja uziweke mgongo kwa mgongo. Na 31x10.5 yenyewe (inchi 31 kipenyo, 10.5 upana) ni pana kama ile 265, ila ina kipenyo cha 787 tu. Unapoteza pande zote mbili.

Mafundi wa Katwe, Kampala, wana mikono ya ajabu na wengi ni marafiki zangu, lakini wasikukatie rimu na kuilehemu iwe pana. Spesa za kusukuma tairi nje nazo hapana. Zinazidi kuchosha beringi za ekseli ya mzee.

Kati ya 7.50 na 235/85, wewe nakupa 7.50R16 yenye nyuzi za radiali, kwenye rimu za 109, na tyubu ndani. Sababu ni ya kijijini: Land Cruiser za kazi na malori madogo yanatumia saizi hiyo, kwa hiyo kijana wa pancha wa Amudat ana tyubu yake na ana chuma cha kuifungulia. Ungekuwa unakaa Kampala na safari zako nyingi ni za lami, ningekuambia 235/85R16, maana inashika vizuri kwenye lami iliyolowa. Ila usichukue 7.50 ya lori yenye plai 14 (plai ni kipimo cha tabaka za uimara wa tairi). 88 ina uzito wa kilo 1,300 na kitu. Tairi hilo halitajua kama limebeba gari, na viuno vyako ndivyo vitakavyokuwa springi. Plai 8 inatosha na kubaki. Tyubu nayo iwe ya tairi la radiali, isiwe ile uliyoikuta ndani ya 6.00.

Soma tarehe ubavuni. Tafuta tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililolala stoo miaka 8 huku meno yote yapo bado ni tairi zee. Na nunua matano, yafanane. Series haina difu ya katikati. Ukiweka gia ya magurudumu yote manne huku nyuma ni 7.50 na mbele ni kitu kingine, ekseli mbili zinagombana na gia ndiyo inayopigwa.

Kabla hujalipa matano, azima moja ujaribu. Lifunge mbele kushoto. Paka chaki begani mwa tairi, pande zote mbili, duara zima. Tafuta jiwe au kingo, pandisha gurudumu la kulia juu yake ili la kushoto lining'inie, zungusha stelingi mwisho kulia, kisha mwisho kushoto, ukisogeza gari mbele kidogo. Geuza, sasa panda na la kushoto, rudia. Shuka uangalie chaki imehamia wapi. Kwenye 88 mara nyingi utaikuta kwenye jani la springi la mbele, upande wa ndani. Dawa yake ni zile bolti za kuzuia kona nyuma ya gurudumu: zitoe nje kidogo hadi tairi liache kugusa. Gari litahitaji uwanja mpana zaidi kugeuka, utazoea. Chaki ikiwa kwenye madigadi, hapo ndipo ukataji wako utakusaidia.

Upepo: kwenye lami na murramu ngumu anza na psi 26 mbele na 28 nyuma, viazi vikiwepo nyuma weka 32. Kwenye tope au mchanga shuka hadi 18, uende polepole, na ujaze tena ukitoka. Chini ya 18 usishuke maadamu una tyubu. Tairi linateleza kwenye rimu, tyubu inavutwa, na vali inang'oka.

Spidomita itaanza kukudanganya. Ikisoma 60, wewe uko 66. Ya 109 ilipimwa kwa 7.50 na inaingia mahali pale pale, ukiiona kwa bei nzuri ichukue. Nati kaza tena baada ya kilomita 50. Tairi la akiba usilirudishe juu ya boneti. Hilo jipya ni zito, bawaba za zamani zitalegea, na utakuwa unaendesha ukichungulia. Lihamishie nyuma.

Hivyo vipara vitano vya mzee usimgawie mtu wa kuvifunga kwenye gari. Wape wakata lugabire, vile viatu vya matairi, sokoni, nawe ujichagulie pea moja kwanza.