Simu iliyotoka Marekani inapofika Konde

Swali: Fundi, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi na ninaishi Konde, Pemba. Kaka yangu aliyeko Marekani ameniletea simu ya Android ambayo yeye mwenyewe aliitumia huko kwa mwaka mmoja. Laini yangu imekubali bila tatizo, na nikiwa Chake Chake simu inasoma 4G vizuri, lakini nikirudi Konde inabaki na herufi E tu, ilhali simu ya mume wangu, yenye laini ya kampuni ile ile, inasoma 4G hapo hapo nyumbani. Nikipiga simu, intaneti hukatika mpaka nimalize mazungumzo. Tena tuna ruta ya Wi-Fi nyumbani, na simu za watu wote zinaiona isipokuwa yangu. Hata jina lake halitokei, ingawa Wi-Fi ya skuli ninaipata. Kuna fundi ameniomba shilingi elfu arubaini aingize programu mpya ili matatizo yote yaondoke. Nimpe?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwalimu. Usimpe, kwa sababu kati ya mambo matatu uliyoyaeleza hakuna hata moja linalotokana na ubovu wa programu, na kuingiza programu ya nchi nyengine katika simu iliyo nzima kunaweza kuiua kabisa. Umeeleza dalili kwa utulivu mkubwa, hasa ulipoilinganisha simu yako na ya mume wako mahali pale pale na kwa kampuni ile ile, na ulinganisho huo umenirahisishia kazi.

Nianze na herufi E. Mnara wa simu hauzungumzi na simu kwa sauti moja. Hutumia masafa kadhaa ya mawimbi, na kila simu hutoka kiwandani ikiwa na vipokezi vya masafa fulani tu. Jumuiya ya kimataifa ya mawasiliano imeigawa dunia katika kanda tatu, na sisi wa Afrika tumo katika kanda moja na Ulaya na Bara Arabu, wakati Marekani imo katika kanda nyengine. Ndiyo maana simu inayonunuliwa Muscat, Dubai au London kwa kawaida hufika Unguja na Pemba ikafanya kazi bila maswali, na ile inayotoka Marekani hutaka kuchunguzwa kwanza. Kwa 2G, kwa mfano, huku tunatumia megahezi 900 na 1800, na Wamarekani walitumia 850 na 1900. Bahati nzuri simu nyingi za leo hubeba masafa yote manne ya 2G, na kwa hiyo yako, hata inaposhindwa na yote mengine, bado inashika ile E, ambayo ni intaneti ya 2G.

Mambo hubadilika kwenye 4G. Masafa yanayotumika sana nchini kwetu ni ya megahezi 700, 800 na 1800, kila kampuni na mpangilio wake. Masafa ya juu kama 1800 hubeba intaneti nyingi lakini hayafiki mbali, na hivyo yanafaa mjini ambako minara iko karibu karibu. Masafa ya chini kama 700 na 800 husafiri mbali zaidi na hupenya miti na kuta vizuri zaidi, na kampuni huyapenda kwa vijiji vilivyotawanyika kati ya mikarafuu na mabonde, kama huko kwenu Kaskazini Pemba. Sasa simu yako inashika 4G ya Chake Chake na haishiki ya Konde. Nina yakini kubwa kwamba inayo 1800 na haina masafa ya chini yanayotumiwa na mnara wenu.

Hapa pana mtego ambao umewanasa hata mafundi wazoefu. Ukisoma sifa za simu ya Marekani utakuta imeandikwa kuwa ina 700, ukafurahi, kumbe 700 ile si hii. Kila kipande cha masafa kina namba yake ya bendi. Zile 700 za Marekani ni bendi ya 12, 13 na 17, na 700 ya kwetu ni bendi ya 28. Zinakaribiana kwa hesabu, lakini njia ya kupeleka na njia ya kupokea zimepangwa tofauti, kwa hiyo kipokezi cha moja hakilazimiki kuifahamu nyengine. Tazama namba za bendi, usitazame megahezi peke yake: bendi ya 3 ndiyo 1800, ya 20 ndiyo 800, na ya 28 ndiyo 700 yetu. Ili uhakikishe, ingia katika mipangilio ya simu, sehemu inayoeleza habari za simu, unakili namba kamili ya modeli pamoja na herufi zake za mwisho, kisha utafute orodha ya bendi za modeli hiyo hasa. Jina la biashara halitoshi, maana simu yenye jina moja hutengenezwa kwa modeli tofauti kwa ajili ya nchi tofauti, na tofauti kati yao mara nyingi ni hizo bendi tu.

Kipokezi kisichokuwemo hakiingizwi kwa programu. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wengi wakitozwa fedha mara mbili na tatu kwa ahadi ya aina hiyo, na wengine wakabaki na simu isiyowaka.

Lakini hukukosa njia. Kabla ya kununua chochote, azima laini za kampuni nyengine kwa majirani, moja baada ya moja, uzitie katika simu yako ukiwa nyumbani kwako, na uache dakika chache kila moja. Huenda kampuni nyengine inarusha bendi ya 3 Konde, au angalau 3G ambayo simu yako inaimudu, na ukiikuta basi kusajili laini ya pili kutakutosha. Ikiwa zote zitashindwa, weka laini yako ya intaneti katika ruta ndogo ya 4G iliyonunuliwa hapa nchini, ambayo bendi zetu inazo, na simu yako iipate intaneti kwa Wi-Fi kutoka hapo.

Kuhusu intaneti kukatika unapozungumza: mazungumzo hupita juu ya 4G pale tu simu na kampuni zinapokubaliana kutumia huduma ya sauti ya 4G, na kampuni za kwetu haziitambui kila modeli iliyoandaliwa kwa ajili ya Marekani. Isipokubaliwa, simu hushuka 3G au 2G ili mazungumzo yapite, na ikifika 2G haiwezi kuongea na kuvuta intaneti kwa wakati mmoja. Katika mipangilio ya mtandao wa simu, tazama kama kuna kitufe cha kuruhusu sauti kupitia 4G, ukiwashe. Kama hakipo, iache kama ilivyo. Nakuomba sana usimruhusu mtu akuwekee simu ishike 4G peke yake kwa namba za siri, kwa sababu utaona 4G ukafurahi, na hapo hapo watu watakupigia wasikupate.

Wi-Fi ya nyumbani ina sababu nyengine kabisa, na hii unaweza kuiondoa leo usiku bila kulipa hata senti. Wi-Fi ya kawaida, ya gigahezi 2.4, imegawanywa katika chaneli. Sehemu kubwa ya dunia hutumia chaneli ya 1 hadi ya 13, na Marekani hutumia ya 1 hadi ya 11. Ruta yenu bila shaka imeachwa ijichagulie chaneli yenyewe, nayo imechagua ya 12 au ya 13, ambako simu nyengine zinasikiliza na yako haisikilizi. Dalili ni ile ile uliyoitaja: si kwamba inakataa neno la siri, bali jina lenyewe halionekani. Chukua simu ya mume wako ikiwa imeunganishwa na ruta, fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uingie kwa jina na neno la siri vilivyoandikwa hapo hapo. Nenda sehemu ya Wi-Fi ya 2.4, ondoa uchaguzi wa chaneli wa kujiendesha, uweke 1, 6 au 11, kisha uhifadhi.

Jina likitokea na simu bado ikakataliwa, ulizia kama aliyewafungia ruta aliweka orodha ya simu zinazoruhusiwa. Kila simu ina anwani yake ya Wi-Fi (MAC), ambayo ruta huitambulia, lakini simu za miaka ya karibuni hutumia anwani ya kubuni katika kila Wi-Fi, na ruta yenye orodha huiona kama mgeni. Ibadilishe simu itumie anwani yake halisi kwa Wi-Fi hiyo. Wasomaji wa Mji Mkongwe wao nawaongezea neno moja: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia sana Wi-Fi ya gigahezi 5, kwa hiyo msiilaumu simu ya nje kabla hamjasogea chumba kilekile chenye ruta.

Kwako wewe laini ilikubaliwa, kwa hiyo simu haikufungwa na kampuni ya Marekani. Wengine hawana bahati hiyo, na kwao mwenye uwezo wa kuifungua kwa njia halali ni kampuni ile iliyoiuza, baada ya deni la simu kumalizika. Hata hivyo bonyeza *#06#, upate namba tambulishi yenye tarakimu 15, uitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone maelezo yake. Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia mwezi wa Juni 2016, na tangu hapo si busara kutumia simu ya mkono wa pili bila kuihakiki.

Na kaka yako akitaka kukuletea nyengine, akutumie namba ya modeli kabla hajalipa, nawe uangalie bendi ya 3, ya 20, ya 28, na zile za 3G, yaani ya 1 na ya 8. Akiwa na nia ya kuleta iPhone, ajue kwamba zile zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la kutia laini na hutumia eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya simu yenyewe bila kadi. Kwa hiyo nenda kwanza duka la kampuni yako hapo Chake Chake, uulize kama wanaweza kukuhamishia namba yako kwenye eSIM ukiwa papo hapo, ndipo umjibu.