Kununua vibao vya zamani vya maduka vilivyochorwa kwa mkono

Tangu mabango yanayochapwa kwa mashine yalipoenea Dar es Salaam, vibao vya plaiwudi na bati vilivyochorwa kwa brashi vimekuwa vikishushwa kwenye fremu (vyumba vya maduka) za Kariakoo, Magomeni na Temeke, na vingine huishia kuziba banda la kuku. Anayetaka kuvikusanya afike fremu inapobadilisha mpangaji, kwa kuwa mwenye duka huwa bado anamkumbuka fundi aliyekichora, na maelezo hayo yaandikwe siku hiyohiyo.

Katika kukadiria umri, mimi huanza na namba ya simu kabla ya kutazama uchakavu. Namba ya mezani ya Dar es Salaam yenye 051 ni ya kabla ya 022 tunayoitumia sasa, na 0744 ni namba ya awali ya Vodacom, iliyoanza huduma nchini mwaka 2000, kabla wateja wake hawajahamishiwa 0754. Jina la Celtel nalo husaidia, kwani lilibadilishwa kuwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Hata hivyo, wenye maduka waliomba namba tu ibadilishwe, hivyo kiinamishe kibao ili mwanga ukipige kwa ubavu, na tarakimu za zamani zitaonekana zimevimba chini ya rangi mpya.

Vibao vya vinyozi, vyenye vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo mbalimbali, ndivyo vinavyogombewa zaidi, na kwa hiyo ndivyo ninavyovitilia shaka kwanza (binafsi napenda zaidi ng'ombe wa bucha). Kilichosuguliwa kwa msasa ili kionekane cha zamani huchakaa sawasawa kila mahali, ilhali kilichotundikwa nje kwa miaka huwa na kutu kuzunguka misumari, plaiwudi iliyovimba ukingo wa chini ambako maji hutuama, na rangi iliyobaki kali pale ilipofunikwa na fremu ya mbao.

Usikisafishe kwa petroli wala tapentaini, na usimpe fundi akipake upya. Brashi laini na kavu inatosha. Kitundike ndani, mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa, ukiacha nafasi kati yake na ukuta ili hewa ipite, hasa wakati wa masika.

Kabla hujalipa, hakikisha muuzaji ndiye mwenye kibao, kwani mpangaji mpya anaweza kukuuzia kitu ambacho mwenzake aliyehama anakusudia kukifuata.