Jiko la kupasha nyumba joto: usilipe kabla hujaliona likiwaka

Dada wa Makete, umeambiwa jiko hilo litapasha vyumba vitatu usiku kucha kwa vipande viwili vya kuni, tena bila bomba la moshi. Si kweli. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kilowati-saa 4 hivi, yaani kama uniti 4 za umeme, na hakuna jiko linaloiongeza; vipande viwili havitoshi vyumba vitatu usiku kucha. Kuni mbichi ni hasara zaidi, maana karibu nusu ya uzito wake ni maji.

Hilo la bomba ndilo linalonitisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye moto haina harufu. Mtu analala na haamki. Nakuomba, usikubali.

Mwambie muuzaji aliwashe mbele yako, kwa kuni zako za miti ya miwati, zile zilizopasuka nchani kwa ukavu, mkizipima kwenye mizani. Akikataa, usimpe hata shilingi.