Kiuno kinauma kwenye foklifti: toa hiyo sponji, seti kiti

Mkuu, umeuliza kama sponji ya inchi nne juu ya kiti cha foklifti (mashine ya kunyanyulia mizigo kwa uma) itamwondolea opereta wako maumivu ya kiuno. Itoe leo hii. Mitikisiko inayousumbua zaidi uti wa mgongo ni ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na hapo sponji laini mara nyingi inamrusharusha mtu zaidi badala ya kumtuliza. Tena imempandisha: miguu inaning'inia, kichwa kimesogelea paa la kinga, mkanda haumkai sawa.

Anza na kitasa cha uzito. Kiti chenye springi huwa na kitasa au wenzo, mbele au ubavuni, na kidirisha cha namba za kilo. Namba ilingane na aliyekaa sasa, si yule wa zamu iliyopita. Wa kilo 95 akikalia kiti kilichosetiwa 60, springi imelala yote. Kila akivuka ungio la sakafu, ko! chuma kwa chuma. Wa kilo 60 kwenye 110 ni kama amekalia benchi. Akae, ashike usukani, kiti kishuke hadi karibu nusu ya mchezo wake wa juu na chini: kama kinacheza milimita 80, kitulie kwenye 40 hivi.

Namba iko sawa na bado kinagonga? Funua mpira wa mikunjo chini yake. Ukiwa umechanika, vumbi limeshakula rola. Angalia pia shokapu kama inavuja. Kisha tikisa kiti mbele na nyuma, kaza bolti za reli, hakikisha loki inashika pande zote mbili. Loki ikiachia wakati wa breki, kiti kinateleza mbele na mguu unazama kwenye pedali.

Mtikisiko wenye mpigo unaoongezeka na mwendo si wa kiti. Hiyo mara nyingi ni tairi ngumu (isiyo na upepo) iliyolika sehemu moja ya mzunguko wake. Badilisha zote mbili za ekseli hiyo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni swichi ya chini ya kiti, inayoiambia mashine kwamba opereta amekaa. Sponji inausambaza uzito wa opereta, swichi haibonyei vizuri, mashine inakatakata, mwishowe fundi anaunganisha nyaya mbili za swichi moja kwa moja "ili kazi iende". Kuanzia hapo mashine haijui kama kuna mtu. Ipime kila zamu: eneo wazi, uma chini, breki ya mkono imekazwa. Opereta anyanyue makalio akiwa bado ndani, asubiri sekunde chache (nyingine huchelewa kukata), aweke gia. Ikitaka kuondoka, chomoa ufunguo, isifanye kazi.

Na mkanda afunge hata kwa safari ya mita 20. Foklifti ya kukaa ikipinduka, anayeruka ndiye paa humwangukia. Ashike usukani kwa nguvu, akaze miguu sakafuni, aegemee upande ulio kinyume na inakoangukia.