Daktari Mkongwe Anajibu: Kukabidhiana zamu kumetufia

SWALI: Shikamoo daktari. Mwaka jana nilianzisha utaratibu wa kukabidhiana wagonjwa wodini kwetu, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nilitengeneza fomu, nikawafundisha wenzangu, na miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Nikaenda likizo wiki tatu. Kurudi, nakuta fomu zinaandikiwa namba za simu kwa nyuma na watu wanakabidhiana kwenye ngazi. Wanasema hakuna muda. Nifanyeje? Fomu nimeiambatanisha.

JIBU: Marahaba. Utaratibu uliokufa ukiwa likizo haukuwa wa wodi, ulikuwa wako. Usikasirike, wangu ulikufa hivyo hivyo, tena mara mbili.

Fomu yako nimeiona. Ina visanduku 22! Daktari aliyekesha atajaza vitano, na vitatu kati ya hivyo atanakili kutoka kwenye faili. Bakiza manne: nani hali yake ni mbaya, anaumwa nini, kipi hakijafanyika, na hali ikibadilika tufanye nini. Hilo la nne ndilo huachwa, na ndilo lililoniumbua.

Nilikuwa bado kijana. Jioni moja nilimwambia aliyenipokea, "Kitanda cha tisa anasubiri majibu ya damu," nikavua koti, nikaenda kulala. Sikusema damu gani, wala kwamba figo za mgonjwa zilikuwa zimedhoofika. Majibu yalirudi saa nne usiku, yakawekwa mezani, faili jingine likawekwa juu yake. Potasiamu, madini ya damu ambayo yakizidi huweza kusimamisha moyo, ilikuwa 6.9, juu mno. Yalionekana saa kumi alfajiri, muuguzi alipohesabu mapigo ya moyo na kuyakuta ya polepole mno. Mgonjwa alipona kwa kalsiamu ya mshipani na kwa macho ya muuguzi yule. Ningesema tu, "Potasiamu ikizidi 6.5, piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo), anza kalsiamu, niamshe," mwenzangu angeyafuata majibu maabara mwenyewe.

Tena asingeitikia "sawa" tu. Anayepokea arudie kwa maneno yake. Hapo ndipo utajua kama alikusikia au alikuwa anatafuta kalamu.

Kuhusu muda, waambie habari ya I-PASS, utafiti wa utaratibu wa kukabidhiana wagonjwa uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika kwenye wodi za watoto katika hospitali 9 za Marekani na Kanada. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na muda wa kukabidhiana haukuongezeka. Ila wengi wanaounukuu huishia kwenye fomu. Wale hawakugawa karatasi wakaondoka. Madaktari wakubwa walikaa kuwatazama wadogo wakikabidhiana na kuwasahihisha papo hapo.

Kwa hiyo nenda kwa bingwa wako. Usimwombe hotuba, mwombe dakika 15 za kukaa kwenye kiti saa mbili asubuhi. Bingwa akiwepo, watu hufika. Mwombe pia simu za wodi zishikwe na mtu mmoja muda huo, maana simu moja ya "njoo usaini" huvunja kikao kizima.

Halafu wewe acha kukiongoza. Weka ratiba, kila wiki aongoze mwingine, hata yule anayelalamika kuliko wote. Madaktari wapya wakiingia, wasikilize siku mbili. Siku ya tatu wakabidhi wao, wewe ukiwa umekaa nyuma, kimya. Najua kunyamaza kutakuwa kazi kwako.