Usiuze hizo spika, zitoe kwanza ukutani

Mkuu mpigie huyo mteja mwambie asije. Nimefika pale uliposema keshokutwa anakuja kubeba spika zako za zamani, halafu hela yake unaijazia unachukua zile mpya ulizozisikia dukani "zikaimba mpaka vinyweleo vikasimama", nimeacha chai inapoa nakuandikia. Hiyo ya vinyweleo nilimwambia mke wangu mimi mwenyewe, kwa maneno hayohayo, na mpaka leo akitaka kuninyamazisha anaikumbushia.

Umesema spika zako ziko kwenye shelfu katikati ya vitabu, mgongo umegusa ukuta, amplifaya ni ya wati 30, besi inavuma na sauti ya mwimbaji inamezwa, kwa hiyo spika zimechoka. Hapo kwenye "kwa hiyo" ndipo nilipovunjikia mguu.

Zangu zilikuwa ndogo tu, wufa (ile spika kubwa ya besi) ya inchi 5, tundu la besi liko nyuma, desibeli 88 (yaani sauti inayotoka kwa umeme mdogo uleule, ikizidi spika inapiga kwa nguvu zaidi), omu 8 (ukinzani wa spika, ukipungua amplifaya inavutwa umeme mwingi zaidi). Miaka sita zimekaa shelfuni zimeegemea ukuta kama wazee wanaota jua. Na zilivuma kweli, yaani kila wimbo ulikuwa na mpiga besi yuleyule na gitaa lake lina uzi mmoja. Nikasema hizi zimezeeka, nikaenda dukani.

Sasa yule jamaa wa dukani, naomba mods, wasimamizi wa jukwaa, wanivumilie hapa. Chumba chake kina zulia na mapazia mazito, spika ziko kwenye stendi, mita nzima kutoka ukutani, nyuma kuna amplifaya ya kubebwa na watu wawili. Anakupigia za bei ndogo kwanza, halafu anahamia za bei kubwa na mkono unapapasa volyumu, kidogo tu, huoni. Sauti ikizidi hata desibeli moja sikio halisemi imezidi, linasema hii ndiyo safi. Mchezo wa zamani huo, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikaingia mkenge nikitabasamu. Wala hakuniuliza swali moja, kwamba wewe kwako utaziweka wapi. Hakutaka kujua. Angejua asingeuza.

Jioni ileile nikauza za zamani kwa bei ya kutupa ili hela itimie.

Nimefika nyumbani na mpya nikazipachika palepale, shelfu ileile, ukuta uleule, na zenyewe tundu liko nyuma. Kumbe besi haiendi mbele tu kama sauti ya twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inazunguka boksi zima, ukuta ukiwa karibu unairudisha inajumlishwa na ile ya mbele, ukuta mmoja peke yake unaweza kukuongezea hadi desibeli 6 kule chini, na ukiwa kwenye pembe ya chumba ndiyo kabisa. Sasa spika mpya sifa yake ni kushuka chini zaidi, kwa hiyo ilishuka ikakuta shimo langu liko tayari. Wimbo wa kwanza glasi kabatini zikaanza kugongana. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, hivi sasa tumehamia ndani ya ngoma?

Nikampigia jamaa. Akaniambia kwa sauti ya kidaktari kabisa, hizo bado ngumu, zinataka masaa 200 ya kulainika. Piga hesabu mkuu, masaa mawili kila jioni ni zaidi ya miezi mitatu, na risiti yake inasema mwisho wa kurudisha mzigo ni wiki mbili!! Nikasubiri kama mjinga. Sisemi spika mpya hailainiki kabisa, ila kuvuma kwa ukuta hakulainiki hata ukipiga mwaka.

Na hapo bado amplifaya. Mpya ziliandikwa desibeli 83, omu 4, mimi nikaona 83 na 88 si zinakaribiana tu. Hapana. Kila desibeli 3 ni wati mara mbili, kwa hiyo hizo 5 zinataka karibu mara tatu ya nguvu ili upate sauti ileile. Halafu kuna mtego, hiyo 83 imepimwa kwa volti 2.83, ambayo kwenye omu 8 ni wati 1 lakini kwenye omu 4 ni wati 2, yaani ukipima kwa wati moja ya haki mimi nilinunua desibeli 80. Yangu ya wati 30 ilikuwa inahema. Ukiweka kiganja juu yake unahesabu hadi nne unatoa. Siku wageni wamekuja nikataka kuonyesha ufalme, wimbo uko katikati nikasikia "tik", kimya, taa ya mbele inapepesa. Imejizima kujiokoa. Nikawaambia wageni umeme unasumbua, na feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyao.

Nikarudi kwa nani? Kwa jamaa yuleyule. Akaniuzia ya wati 60. Nimeshakwambia mara mbili ni desibeli 3, sikio linaona imeongezeka kidogo basi. Ile ya pili angalau ilizimudu omu 4 bila kuzima, hilo namshukuru, lakini sasa nilikuwa navumiwa kwa nguvu maradufu. Kisha waya nene kama kidole gumba. Kisha vimiguu vya chuma. Sitaki kujumlisha zote, na wewe usinijumlishie.

Kilichoniokoa ni rangi. Tulikuwa tunapaka ukuta ule, kila kitu tukasogeza katikati ya sebule, spika nikazitua juu ya stuli mbili za jikoni, zimeachana na ukuta kama sentimita 80, nikawasha ili fundi asichoke. Nikakaa chini kwenye gazeti lililotapakaa rangi. Mpiga besi akapata nyuzi zake zote nne. Noti inaanza, inaisha, inakuja nyingine, na mwimbaji yuko katikati ya stuli mbili pale ambapo hakuna spika yoyote, unaweza kumnyooshea kidole. Fundi mwenyewe akashusha brashi. Mimi nilikuwa nahesabu zile hela kichwani.

Maana swali lilikuja hapohapo, je za zamani nazo ningezitoa ukutani? Sikuwahi kujaribu hata siku moja. Nikamtafuta aliyezinunua, nikajifanya namsalimia. Nikaenda. Kaziweka kwenye stendi za mbao alizochonga mwenyewe, mbali na ukuta, twita iko usawa wa sikio, na ile ya kushoto bado ina mkwaruzo wa funguo zangu. Nikaomba anirudishie kwa bei aliyonunulia, akacheka. Nikaongeza. Akanikaribisha chakula.

Kwa hiyo mkuu, hakuna kuuza kabla za zamani hazijakaa wiki mbili nje ya shelfu. Stuli, ndoo iliyopinduliwa, chochote kigumu. Toa angalau nusu mita kutoka ukutani, twita iangalie sikio ukiwa umekaa, na wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Sogeza kidogokidogo usikilize wimbo mmoja unaoujua, weka alama sakafuni kwa tepu ya karatasi. Angalia pia waya nyekundu na nyeusi hazijapishana upande mmoja, zikipishana besi inapotea na utalaumu tena spika. Kama mwenye nyumba wako, namaanisha mke wako, hataki stuli sebuleni, chomeka soksi kwenye tundu la nyuma. Sitanii, kuna spika zinauzwa na vizibo vya sponji kwa kazi hiyohiyo, soksi ni ndugu yake maskini. Iwe safi tu.

Ukimaliza wiki mbili na bado hazikukuni, sawa, nenda kanunue, lakini za kuuza zisitoke mpaka mpya zimepiga NDANI YA CHUMBA CHAKO, kwa amplifaya yako. Dukani wakikataa kukuazima hata siku mbili kwa dhamana ya hela yako yote, basi wamekujibu.

Uliuliza na waya eti. Ya shaba, milimita za mraba 2.5, kata urefu unaotosha. Na lile swali lako la wufa, inchi 5 au 6.5, sijui, inategemea zitakaa wapi, na hilo hujalijua bado kwa sababu hujazitoa shelfuni.

Umeshampigia mteja?